Chupa imekwenda wapi? Kisa cha santuri za mzee mmoja wa Eastlands

Majina ya wahusika, mtaa wao na mwaka nimeyaacha kwa makusudi. Mengine yote familia imeniruhusu kuyasimulia, na mjukuu aliyefanya kazi ya kwanza ndiye aliyesisitiza kisa kiandikwe, ili kijana mwingine mwenye santuri za babu yake asipitie njia ile ile. Mimi ni fundi wa sauti hapa Nairobi. Niliitwa baada ya mambo kuharibika, nikakaa na familia hiyo hadi kazi ilipokamilika.

Usuli

Mzee mwenyewe nitamwita Babu, kama anavyoitwa nyumbani kwake. Ujanani alikuwa karani mjini. Kila mwisho wa mwezi, mshahara ukitoka, alipita River Road, akasikiliza santuri mbili tatu dukani, akachagua moja na kurudi nayo Eastlands. Alifanya hivyo kwa miaka mingi. Matokeo yake ni sanduku la mbao chini ya kitanda lenye santuri ndogo 140 za inchi saba, zile zinazozunguka mara 45 kwa dakika, pamoja na santuri kubwa tisa za mizunguko 33. Chini kabisa, zimefungwa kwa gazeti, kulikuwa na santuri sita nzito za mizunguko 78 alizorithi kwa baba yake.

Asiyezijua santuri ndogo anahitaji kuelewa jambo moja, kwa sababu kisa hiki kinalizunguka. Upande mmoja unabeba dakika tatu hadi nne hivi, tano kwa taabu. Bendi zetu za benga na rumba zilipiga nyimbo ndefu kuliko hapo, kwa hiyo wimbo uligawanywa: Sehemu ya 1 upande A, Sehemu ya 2 upande B. Maneno huimbwa zaidi upande wa kwanza. Ukigeuza, waimbaji wanapisha, magitaa yanachemka, na hapo ndipo watu walipoinuka kucheza.

Pleya ya Babu, mashine ya kupigia santuri, ilikufa zamani. Kwa zaidi ya miaka ishirini santuri zilikuwa za kutazamwa tu. Familia ilipopanga karamu ya miaka 50 ya ndoa yake, watoto waliafikiana kuwa zawadi iwe nyimbo zenyewe, ziingizwe kwenye kompyuta zipigwe siku hiyo. Kazi akapewa mjukuu wa miaka kumi na tisa, mwanafunzi wa chuo. Muda ulikuwa wiki tatu.

Jaribio la kwanza

Mjomba anayeishi Marekani alikuja na pleya iliyotumika, nzuri kwa kuitazama, yenye mkanda wa mpira na waya wa USB wa kuunganisha moja kwa moja na laptopu. Marekani stima ni volti 120. Kwetu ni 240. Kijana alilijua hilo, akaenda Luthuli Avenue akanunua transfoma ya kushusha volti. Sahani, ile ya mviringo inayobeba santuri, ikazunguka, hakuna moshi wala harufu ya kuungua. Akaendelea.

Hakukurupuka kabisa, na hili nalisema kwa haki yake. Ndani ya boksi la pleya mlikuwa na karatasi ya mviringo yenye mistari myeusi ya kupimia kasi. Unaiweka juu ya sahani, unaiangalia chini ya taa ya umeme, na kasi ikiwa sawa mistari huonekana kama imesimama. Aliiweka, akaiangalia chini ya tyubu ya jikoni, mistari ikasimama wima kama askari. Akaridhika.

Kisha akaanza kurekodi kwa Audacity, programu ya bure inayotumiwa na wengi. Santuri alizipangusa kwa fulana kavu. Wimbo wa kwanza ulipotoka ulimsikikia mzito na wa polepole. Yeye hakukua na nyimbo hizo, akadhani ndivyo walivyoimba watu wa zamani. Shangazi yake alipopita sebuleni akasema unakokota, kijana akatafuta amri ya kuongeza mwendo, akawa anaongeza kwa sikio: huu asilimia 15, ule 25, kadiri alivyoona unachezeka.

Santuri zilikuwa zinakwaruza na kuvuma. Akachukua amri ya kuondoa kelele na kuisukuma hadi juu kabisa. Mwisho akahifadhi kila wimbo kama MP3 kwa jina la bendi na jina la wimbo. Diski ya laptopu ilikuwa inajaa, kwa hiyo kila usiku kabla ya kulala alifuta rekodi ghafi za siku hiyo, yaani zile za asili kabla ya kuguswa na amri yoyote.

Jambo moja alilifanya vizuri tangu siku ya kwanza. Alipiga picha kibandiko cha kila santuri, pande zote mbili, kwa simu yake. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Alipenda tu rangi zake.

Siku ya karamu

Hema lilijaa. Wimbo wa kwanza ukalia, Babu akainua kichwa akasikiliza kwa muda.

"Huyu anayeimba ni nani?"

"Ni huyo huyo aliyeandikwa kwenye santuri, Babu."

"Huyo namjua. Nilimwona akiimba mara nyingi. Huyu si yeye."

Watu wakacheka, wakasema mzee amesahau. Ukaja wimbo wa pili, ule waliouchezea walipokuwa wachumba. Babu akamshika Nyanya mkono wakaingia uwanjani. Wakacheza taratibu ubeti wa kwanza na wa pili, wakisubiri magitaa. Wimbo ukafifia, ukakatika. Wote wawili wakabaki wamesimama katikati ya uwanja.

"Mbona wamekata?" Nyanya akauliza. "Ndio walikuwa wanaanza."

Baadaye ukapigwa wimbo mkongwe zaidi wa gitaa kavu, wa mtindo ule ambao mmoja hupiga gitaa na mwenzake hugongagonga na kukwaruza chupa ya soda kwa kipande cha chuma. Chupa ile ndiyo ngoma ya wimbo wote. Babu alisikiliza hadi mwisho, kisha akamwinamia mjukuu wake akamuuliza kwa sauti ya chini: "Chupa imekwenda wapi?"

Kijana alinisimulia haya kwa macho mekundu. Wiki iliyofuata nilikuwa sebuleni kwao.

Kutafuta chanzo

Nilianza na pleya. Nilibandika kipande kidogo cha karatasi pembeni mwa sahani, nikashika saa, nikahesabu kila kilipopita mbele yangu. Kwa dakika nzima, kitufe kikiwa kwenye 45, nilipata mizunguko thelathini na saba na nusu. Tukarudia mara tatu, na kila mara ikawa thelathini na saba na nusu.

Hapo jambo lilijieleza. Umeme wa Marekani hautofautiani na wetu kwa volti tu. Wao mkondo hugeuka mara 60 kwa sekunde, sisi mara 50. Transfoma inashusha volti, lakini haigusi idadi hiyo. Pleya ile ilikuwa na mota ya aina inayofuata mapigo ya umeme wenyewe, kwa hiyo ikizungushwa na stima yetu inakwenda kwa tano kwa sita ya kasi yake: 45 inakuwa 37.5. Wimbo wa dakika tatu na sekunde ishirini unakuwa wa dakika nne kamili, na sauti ya mwimbaji inashuka kwa zaidi kidogo ya nusu toni tatu. Kijana mwenye sauti nyembamba anageuka mzee wa kwaya.

Na ile karatasi ya mistari? Ilitengenezwa kwa umeme wa Marekani, mistari 160 kwa kasi ya 45. Karatasi ya nchi yenye umeme kama wetu huwa na 133. Tyubu ya jikoni humeta mara 100 kwa sekunde hapa. Kule ingemeta mara 120. Sahani iliyopunguza kasi kwa moja ya sita, chini ya taa iliyopunguza mmeto kwa moja ya sita, ilionyesha mistari imesimama barabara. Makosa mawili yalipatana yakatoa ushahidi wa uongo. Nimefanya kazi hii miaka mingi na sikuwahi kuliona hili kwa macho yangu hadi siku hiyo. Simlaumu kijana hata kidogo.

Amri aliyotumia kuongeza mwendo ilikuwa ile inayobadili mwendo peke yake na kuacha sauti ilivyo. Ndiyo maana karamuni nyimbo zilichezeka lakini mwimbaji alibaki mzito. Programu ina amri nyingine inayobadili kasi na kimo cha sauti kwa pamoja, kama sahani inavyofanya. Hiyo, kwa asilimia 20 kamili kwa kila wimbo, ingerudisha karibu kila kitu.

Sehemu za pili zilipotea kwa sababu ya majina. Pande zote mbili zina jina moja la wimbo. Maandishi ya "Sehemu ya 2" ni madogo, na kwenye vibandiko vingine yamefifia. Alipotaka kuhifadhi upande B, programu ilimwonya kuwa faili yenye jina hilo ipo. Usiku wa manane, akiwa kwenye santuri ya ishirini, alidhani upande ule ameshaurekodi, akaghairi na kusonga mbele. Tulipohesabu kwa kutumia picha zake, santuri 62 zilikuwa zimepoteza upande wa pili.

Chupa nayo iliondolewa na amri ya kelele. Amri hiyo huonyeshwa kipande kitupu cha santuri, kabla ya wimbo kuanza, ikajifunza mvumo ulivyo, kisha hukata kila kinachofanana nao. Mkwaruzo wa chupa ni mwembamba, wa juu, na haukomi. Kwa sikio la kompyuta unafanana sana na mvumo wa santuri kuukuu.

Maamuzi ya mara ya pili

Swali la kwanza lilikuwa kama tunaweza kuokoa kazi iliyopo. Hatukuweza. Rekodi ghafi zilifutwa, na MP3 zilizobaki zilikuwa zimeshakatwa na kuvutwa kila moja kwa kiasi chake. Tukaamua kuanza upya, na safari hii bila tarehe ya mwisho. Babu mwenyewe ndiye aliyelitaka hilo: "Zimenisubiri miaka ishirini."

Pleya ya mjomba tuliiweka kando. Tungeweza kununua kifaa cha kubadili mapigo ya umeme, au kuchongesha puli nyingine ya mkanda, lakini rafiki yangu deejay alikuwa na pleya ya kuzungushwa moja kwa moja ambayo kasi ya mota yake hupimwa na kipande cha kwazi, kama saa ya mkononi, haitegemei mapigo ya stima. Alituazima. Kabla ya kila kikao tulihesabu mizunguko kwa kipande cha karatasi.

Usafi ulichukua Jumamosi mbili nzima. Tulinunua maji ya betri kwenye kituo cha petroli, yale yaliyochujwa chumvi zote. (Soma lebo vizuri: asidi ya betri huuzwa kwenye rafu hiyo hiyo.) Maji ya bomba au ya kisima yakikauka huacha chembe ndani ya mifereji, ile mistari ya santuri anamopita sindano, na sindano huzisikia. Matone machache ya sabuni ya vyombo, brashi laini ikifuata mzunguko wa mifereji, kibandiko kikikingwa kisilowe, suuza kwa maji safi ya betri, kisha santuri inasimamishwa wima ikauke yenyewe. Maji ya santuri za kwanza yalitoka ya kahawia kama chai ya rangi. Hiyo ni miaka arobaini ya vumbi, na fulana kavu ilikuwa imelishindilia ndani zaidi.

Hapa tulipoteza kitu. Mmoja wa shangazi, akitaka kusaidia, alichukua santuri moja ya 78 akaipangusa kwa spiriti. Kitambaa kikawa cheusi na uso wa santuri ukafifia, ukapoteza mng'aro. Santuri ndogo na kubwa za miaka ya baadaye ni plastiki ya vinili, na zinavumilia spiriti kidogo. Zile za 78 zimetengenezwa kwa shelaki, utomvu unaotolewa na wadudu, na spiriti huuyeyusha. Nilipaswa kuwaambia watu wote wa nyumba ile siku ya kwanza. Kosa hilo ni langu, na liliigharimu familia sauti ambayo haikuwahi kurekodiwa hata mara moja.

Sindano tuliweka mpya. Babu alikuwa na desturi iliyojulikana kila nyumba wakati huo: santuri ikiruka, unaweka sarafu juu ya kichwa cha sindano. Inaacha kuruka, ndiyo, lakini inachimba mifereji kama jembe. Baadhi ya nyimbo alizozipenda mno zimechimbika upande mmoja wa mfereji. Tulirekodi kwa stirio, yaani kila ukuta wa mfereji na njia yake ya sauti, hata kama wimbo ni wa mono, wa njia moja tu, ili baadaye tuchague ukuta wa mfereji uliosalimika. Penye kuta zote nzima tulizichanganya pamoja, na hilo peke yake lilipunguza mkwaruzo kabla ya kugusa amri yoyote.

Tulirekodi kwa ubora wa juu, biti 24 na kHz 96, vilele vya sauti vikiachiwa nafasi ya desibeli sita hivi visipasuke. Hiyo ni takriban MB 35 kwa dakika. Santuri zote, bila zile za 78, ni kama saa 22 za kusikiliza, yaani GB 46 hivi. Tulinunua diski mbili za nje. Rekodi ghafi haziguswi na mtu. Usafishaji wowote hufanywa kwenye nakala. Diski moja inakaa kwa Babu, ya pili kwa binti yake ng'ambo ya mji.

Kila faili inaanza na namba iliyochapwa kwenye kibandiko, kisha A au B, kisha majina. Namba hairudiwi, na pande mbili haziwezi kufanana tena. Kwenye vibandiko vilivyochakaa tulisoma namba iliyochorwa kwenye plastiki yenyewe, katika eneo tupu kati ya mwisho wa wimbo na kibandiko, kwa kuinamisha santuri dirishani.

Mipasuko mikubwa tuliiondoa mmoja mmoja. Mvumo tuliuacha karibu wote. Kila mara nilipotaka kusafisha zaidi, tulimwita Babu aje asikilize chupa.

Binamu mmoja alitaka kuziweka zote mtandaoni. Familia ilikataa, nami naunga mkono. Kumiliki santuri si kumiliki wimbo. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, rekodi ya sauti inalindwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa, na utunzi wenyewe unalindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Wengi wa wanamuziki hawa, au watoto wao, wako hapa hapa nchini.

Matokeo

Ilichukua miezi minne ya Jumamosi. Stima ilipotea mara kadhaa katikati ya wimbo. Tulirudia upande mzima badala ya kuunga vipande. Kati ya santuri ndogo 140, tatu hazikuokoka: mbili zimepinda kwa joto na moja ina ufa hadi katikati. Pande zote za pili 62 zimerudi, isipokuwa ile iliyokuwa kwenye santuri yenye ufa. Sehemu ya 1 na ya 2 tumezihifadhi kama zilivyo, na pembeni tukatengeneza toleo la kusikiliza lililounganishwa, ili wimbo uende mfululizo kama bendi ilivyoupiga. MP3 zimewekwa kwenye flashi ya redio ya jikoni.

Jumamosi ya mwisho Nyanya alikuwa anachambua sukuma wiki wimbo wao ulipofika mahali ulipokatika karamuni. Haukukatika. Aliweka kisu chini.

Uchambuzi

Ukiniuliza kosa moja lililoigharimu familia hii kazi yote ya kwanza, sitataja mota wala karatasi ya mistari. Nitataja kufuta rekodi ghafi. Kasi isiyo sahihi ilirekebishika kwa hesabu ya asilimia 20. Ingebaki tofauti ndogo ya besi na sauti za juu, kwa sababu pleya ilizisawazisha kwa kasi isiyo yake, lakini Babu angemtambua mwimbaji wake. Kelele iliyokatwa kupita kiasi ingekatwa upya kwa upole. Kilichofanya makosa yale yawe ya kudumu ni kitufe cha kufuta, na sababu yake ilikuwa nafasi ya diski, kitu ambacho familia ingenunua bila kusita kama ingeulizwa.

Muda nao ulikuwa mfupi mno, na hili ni la watu wazima, si la kijana. Saa 22 za kusikiliza zinataka mara tatu au nne yake za kazi. Aliyepanga wiki tatu hakupiga hesabu hiyo, na kijana hakuthubutu kuwaambia wakubwa wake kwamba haiwezekani.

Jambo linaloniuma zaidi ni kwamba masikio bora ya nyumba ile hayakutumika. Familia ilitaka kumshtua Babu kwa zawadi, kwa hiyo mtu pekee aliyejua nyimbo zinavyopaswa kulia alifichwa. Angesikia wimbo mmoja jioni ya kwanza, angesema "huyu si yeye", na pleya ingechunguzwa siku hiyo hiyo.

Lililofaulu tangu mwanzo ni zile picha za vibandiko. Bila hizo tusingejua ni pande ngapi zilizopotea, wala majina ya santuri mbili ambazo vibandiko vyake vilitoka wakati wa kuosha.

Zimebaki santuri tano za 78. Mifereji yake ni mipana mara tatu hivi kuliko ya santuri ndogo, na sindano ya kawaida huzama chini ikaokota uchafu tu. Pleya tuliyoazimwa pia haina kasi hiyo. Sindano inayofaa imeagizwa. Hadi ifike, zimesimamishwa wima kabatini, kila moja ndani ya bahasha yake mpya, na mlangoni mwa kabati kijana amebandika karatasi kwa mkono wake: spiriti marufuku.